Binti yangu anasema safari ya mwisho na babu yake nimeitunga

Shikamoo Mama,

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kuishi ughaibuni. Nina mume na watoto wawili: kifungua mimba ni msichana wa miaka 16, kitinda mimba ni mvulana wa miaka 9. Nakuandikia usiku wote wakiwa wamelala, maana mchana jambo hili siwezi kulifikiria bila donge kunikaba kooni.

Miaka saba iliyopita baba yangu alikuja kututembelea. Hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yake kabla ya hapo. Alikaa nasi mwezi mmoja, na wiki ya mwisho tulipanda treni wote watano, tukaenda kwenye ziwa moja lililozungukwa na milima. Tulikaa siku nne. Fedha hazikuwa nyingi, tukapanga vyumba viwili vidogo, na Baba akalala chumba kimoja na binti yangu. Asubuhi ya kwanza niliwakuta wamesimama dirishani, wamejifunika blanketi moja, wanahesabu boti. Baba alikuwa akisoma kwa sauti kila kibao alichokiona barabarani, ingawa lugha ya huku hakujua hata neno moja. Binti yangu akimsahihisha, Baba anarudia vibaya zaidi makusudi, wanacheka mpaka wapita njia wanageuka. Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa, tukakaa chumbani, na Baba akanisimulia mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Siku ya tatu yeye, mume wangu na binti yangu walipanda boti. Mimi nilibaki ufukweni na mdogo, alikuwa amenilalia kifuani.

Baada ya miaka miwili Baba alifariki. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshazikwa siku mbili. Kwa hiyo mwezi ule, na hasa ile safari, ndio wakati wangu wa mwisho naye.

Nimemsimulia mwanangu safari ile tangu akiwa mdogo. Akishindwa kulala, namsimulia. Akiumwa, namsimulia. Anaijua kwa moyo.

Mwezi uliopita mume wangu alipendekeza likizo hii turudi kule ziwani. Mdogo akaruka: "Nitapanda tena ile boti niliyopanda na Babu!" Dada yake akainua macho kwenye simu akamwambia, "Wewe hukupanda boti, ulikuwa umelala." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe Mama, mbona humsimulii kilichotokea stesheni? Kila siku unatunga tu."

Hilo la stesheni ni hivi. Wakati wa kurudi, kulitokea kutoelewana kidogo. Tulikuwa tunabadilisha treni, Baba akaenda kutazama kichwa cha treni kikibadilishwa, hakuaga, na treni yetu ikatuacha. Tukasubiri saa tatu. Binti yangu anasema nilimfokea Baba mbele ya watu, nikamwambia, "Hapa si kwenu, huwezi kutembeatembea tu." Anasema Babu hakuzungumza tena mpaka tulipofika nyumbani. Mama, mimi sikumbuki kusema hivyo. Nakumbuka nilimwambia treni imeondoka, nikiwa nimechoka, basi. Mume wangu anasema wakati huo alikuwa dirisha la tiketi, hakusikia chochote.

Nilimwambia binti yangu kwamba alikuwa mtoto na amechanganya mambo. Alinyanyuka akaenda chumbani kwake. Wiki tatu sasa ananijibu neno moja moja.

Nilimpigia kaka yangu anisaidie, akazidi kunichanganya. Anasema Baba aliporudi alimsimulia jinsi alivyoshika theluji kwa mkono wake. Ulikuwa msimu wa joto! Theluji ilikuwa kwenye vilele vya mbali tu, hakuna aliyefika huko. Sasa naona kila mtu ana safari yake, na yangu ndiyo inayoitwa ya uongo.

Picha zipo zaidi ya mia nne, kwenye simu yangu ya zamani. Za siku tatu za kwanza nilizihamishia kwenye kompyuta na nazijua moja moja. Za siku ya nne sijazifungua, muda tu haujapatikana.

Naomba unisaidie. Nimwambie mwanangu kwamba kumbukumbu yake ya boti si ya kweli? Nimfanyeje binti yangu? Na je, turudi kule au tuache?

Mama wa wawili, ughaibuni

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya msiba kwanza, maana naona miaka mitano haijaupunguza sana, na kufika siku mbili baada ya mazishi ni jeraha linalowapata wengi wanaoishi mbali, ingawa kila mmoja hulibeba peke yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna sentensi moja umeipita mbio kama mtu anayekanyaga kaa la moto, na mimi nitairudia. Lakini nianze na la mdogo, kwa kuwa ndilo jepesi.

Mwanao alikuwa na miaka miwili. Watu wazima wengi wakiulizwa jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka maishani, hutaja la umri wa miaka mitatu au zaidi kidogo. Ya nyuma ya hapo hufutika karibu yote, kwa kuwa ubongo wa mtoto mchanga bado unakua na hauhifadhi matukio kama wetu. Basi ile boti ameipata wapi? Kwako. Kwenye masimulizi ya usiku na kwenye picha. Mwaka 2002 watafiti walichukua picha halisi za utotoni za watu wazima 20, wakatengeneza picha ya uongo inayowaonyesha wakiwa ndani ya puto kubwa la kurukia angani, safari ambayo hawakuwahi kuifanya. Baada ya kuitazama na kuhojiwa mara kadhaa, nusu yao walieleza kwamba wanaikumbuka, yote au sehemu yake. Hao walikuwa watu wazima, na picha ilikuwa ya kughushi. Mwanao amelishwa picha za kweli na sauti ya mama yake kwa miaka saba. Angewezaje kutoipanda hiyo boti?

Usimwambie kwamba kumbukumbu yake ni ya uongo. Mwambie alikokuwa. Mwambie: "Babu alipokuwa kwenye boti, wewe ulikuwa umenilalia kifuani, na mimi nilikuwa nawatazama wakizidi kuwa wadogo majini." Hapo hujamnyang'anya kitu, umempa nafasi yake mwenyewe ndani ya siku ile. Anaweza kununa kidogo. Ana miaka 9, atauliza alilala muda gani na kama alikoroma, na mtaendelea.

Sasa binti yako.

Hapa sitakuficha, mwanangu. Mimi siwezi kujua kama ulisema "hapa si kwenu" au hukusema, na hata wewe na yeye hamwezi kulithibitisha tena. Kumbukumbu kuwa kali na wazi hakuifanyi iwe sahihi. Asubuhi iliyofuata baada ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kulipuka tarehe 28 Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi wa chuo walivyopata habari ile: walikuwa wapi, na nani, nani aliwaambia. Alipowauliza tena zaidi ya miaka miwili baadaye, wengi walitoa maelezo yaliyotofautiana sana na ya kwanza, tena mara nyingi kwa uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mikono yao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Kwa hiyo uhakika wako si ushahidi, na wa binti yako vilevile si ushahidi.

Lakini wewe hukumwambia hayo. Ulimwambia alikuwa mtoto na amechanganya mambo. Naye alikuwa na miaka 9, umri ambao mtoto huona na kushika mengi, na kwa maelezo yako mwenyewe ndiye aliyekuwa bega kwa bega na babu yake siku zote nne. Alilala naye chumba kimoja. Mtu wa namna hiyo babu yake akinyamaza safari nzima ya kurudi, anajua kanyamaza. Maneno yenyewe pengine yalikuwa mengine, lakini ule ukimya sidhani kama ameutunga.

Kuna jambo jingine linalofanya stesheni iwe kubwa kwake kuliko blanketi na boti. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mkono mmoja kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Kisha mkono wa pili wakautia sekunde 60 zilezile, wakaongeza 30 nyingine huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, ambalo kwa hesabu lina maumivu mengi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu liliisha vizuri zaidi. Tukiukumbuka mkasa hatujumlishi dakika zake, tunashika kilele chake na mwisho wake. Safari yenu iliishia stesheni, na kwa binti yako rangi ya pale imeingia mpaka siku ya kwanza. Nawe kwa miaka saba umekuwa ukimsimulia mdogo wake safari ya siku tatu, huku yeye akisikiliza pembeni na kuijua ya nne.

Nadhani hicho ndicho kinachomuuma. Sioni kwamba ana hasira kwa sababu ulimfokea babu yake. Naona amechoka kubeba jambo hilo peke yake, na alipolitua mbele yako ukamwambia halipo.

Narudi kwenye ile sentensi. Picha za siku tatu unazijua moja moja, za siku ya nne hujazifungua, "muda tu haujapatikana". Mwanangu, kwa miaka saba? Kuzitazama picha za siku moja hakukuhitaji hata usiku mmoja. Sikulaumu, nataka tu ujisikie ulivyoandika. Kuna sehemu ndani yako inayoijua siku ya nne, hata kama haikumbuki maneno, na imekuwa ikikuzuia usifungue mlango huo.

Na wala hukutunga, kwa maana ya kudanganya. Mwaka 1688 mwanafunzi mmoja wa udaktari mjini Basel, Johannes Hofer, aliandika tasnifu kuhusu Waswisi waliokuwa wakidhoofika wakiwa mbali na kwao, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la maumivu, kuupa jina la "nostalgia" huo alioamini ni ugonjwa. Zama zetu picha imebadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha mwaka 2006 utafiti unaoonyesha kwamba watu hukimbilia kumbukumbu tamu za zamani hasa wanapojisikia vibaya au wapweke, kwamba kumbukumbu hizo hujaa watu wa karibu, na kwamba mara nyingi husimuliwa zikianzia kwenye shida na kuishia kwenye wema. Wewe ulifiwa ukiwa mbali, ukakosa kumuaga baba yako, ukaichukua safari moja ukaifanya dawa. Ilikufaa. Ilimlaza mwanao usiku. Shida ni kwamba dawa hiyo umewapa wote nyumbani, na mmoja wao ana maumivu mengine.

Nikuambie ninavyoliona lile la stesheni, ingawa sikuwapo. Uko nchi ya watu, una mtoto wa miaka miwili mkononi, treni iko karibu kuondoka, na baba yako asiyejua hata neno la lugha ile hayuko. Hakuna simu ya kumpata, wala hajui jina la kituo. Ile ilikuwa hofu, na hofu ikishapona hugeuka ukali, kila mzazi aliyewahi kupotelewa na mtoto sokoni analijua hili. Kama kweli ulisema "hapa si kwenu", huenda ni maneno uliyokuwa ukijiambia mwenyewe miaka yote ile kabla hujafungua mlango kutoka asubuhi. Mwambie binti yako hayo. Ila si mwanzoni. Ukianza na maelezo atasikia utetezi.

Anza hivi. Mtafute mkiwa wawili tu, ikiwezekana mkitembea au mkiwa ndani ya gari, pasipo kutazamana usoni, vijana wa umri wake huongea vizuri zaidi hivyo. Mwambie: "Nilikosea kukuambia umechanganya mambo. Nataka kusikia ulichokiona stesheni, na sitakukatiza." Halafu usimkatize kweli. Hata akisema jambo ambalo una hakika si hivyo, hata akikosea rangi ya koti la Babu. Akimaliza, muulize swali moja tu: yeye alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini. Watu wazima tunapogombana husahau kwamba mtoto naye ana mwili, amesimama mahali, ameshika kitu. Baada ya hapo ndipo useme yako, kuanzia na hofu ile. Na kama moyo wako unakuambia ulimkosea baba yako, liseme hilo mbele yake, bila kusubiri uhakika wa maneno. "Sikumbuki nilisema nini, lakini nakumbuka nilikuwa mkali, na najuta." Hiyo ni kweli unayoweza kuisimamia leo.

Picha za siku ya nne zifungueni pamoja, siku nyingine. Usizifungue kutafuta nani mkweli. Simu huandika saa ya kila picha, na utashawishika kupanga mfululizo wa matukio kama mpelelezi. Acha. Huenda humo mna mizigo, mabehewa na vidole vya mtu vilivyoziba kamera, basi. Huenda pia yumo Baba amekaa kwenye benchi. Ndiyo maana nataka msiwe kila mtu peke yake.

Kaka yako mpigie tena, lakini lile la theluji usimsahihishe. Baba yako aliiona kwa macho yake, vileleni, kwa mara ya kwanza maishani, na aliporudi nyumbani mkono wake ukaifikia. Mimi nina dada zangu wawili, na hadi leo tunabishana ni nani aliyekaa dirishani tulipokwenda kumwona bibi yetu kwa basi, kila mmoja anasema ni yeye na kila mmoja anaeleza miti aliyoiona. Nimeacha kubishana. Nataka tu wanieleze miti.

Muulize kaka pia kama Baba aliwahi kutaja stesheni. Uliza ukijua kwamba majibu yanaweza kuwa matatu: alilitaja akicheka, alilitaja akiumia, au hakulitaja kabisa. Kama hujawa tayari kwa lile la kati, subiri kwanza. Usipige simu hiyo ukiwa peke yako usiku.

Kisha kila mmoja wenu, pamoja na kaka yako na mumeo, ajirekodi kwenye simu dakika chache akieleza safari kama anavyoikumbuka. Kaka yako yeye aeleze alichosimuliwa na Baba. Fanyeni kila mtu kivyake kabla ya kusikiliza za wenzake, kwa kuwa tukishasikia ya mwingine huingia kwenye yetu bila kuaga. Usizipatanishe. Hifadhini zote kwa majina na tarehe, ya theluji ikiwemo. Mwanao atakapokuwa mkubwa atakuwa na babu wa namna kadhaa, naye hakubahatika kumkumbuka hata mmoja.

Kuhusu kurudi kule: msikate tiketi kabla hujaongea na binti yako, kisha yeye awe wa kwanza kuulizwa. Akisema hapana, nendeni kwingine, ziwa halihami. Akisema ndiyo, msijaribu kuirudia safari ile. Msikodi vyumba vilevile, wala usimsimamishe mtu dirishani umpige picha pale aliposimama Babu. Mdogo apande boti yake, hii atakuwa macho. Na siku ya kurudi fikeni stesheni mapema, mkiwa na muda wa kutosha kabisa. Wakiwa wanabadilisha kichwa cha treni, nendeni mkatazame wote wanne.